Picha ya Uyoga na Amri ya Nane

Je, mtu anaweza kuivunja amri ya nane bila kutamka neno hata moja la uongo? Swali hili nimelizoea darasani. Hapa chuoni tunaisoma Katekisimo Ndogo pamoja na wanafunzi wanaojiandaa kwa utumishi, na kila mwaka wengi wao hujibu upesi kwamba haiwezekani: uongo ni uongo na kweli ni kweli. (Sisi Walutheri huihesabu amri ya kutomshuhudia jirani uongo kuwa ya nane, ndugu zetu wa madhehebu kadhaa huiita ya tisa. Amri ni ile ile.) Lakini Luther alipoifafanua mwaka 1529 hakuishia kwenye kusema uongo. Alitaja pia kumsaliti jirani na kumharibia jina, kisha akaigeuza amri yote ikawa wajibu: kumtetea jirani, kumsema vema, kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Kwake ushahidi haupimwi kwa usahihi wa maneno peke yake. Hupimwa pia kwa kile kinachompata jirani kwa sababu ya ushahidi huo.

Siku hizi sehemu kubwa ya ushahidi wetu hatuutoi kwa mdomo. Tunautoa kwa picha. Na picha ina heshima ambayo maneno yamekwisha kuipoteza, kwa kuwa tunaamini kamera haina ulimi wa kudanganya. Nitalichunguza jambo hili kwa mfano ambao pengine msomaji hakuutarajia katika kitabu cha mambo ya imani: kupiga picha uyoga wa mwituni unaoliwa.

Sizungumzii uyoga wenye mguu na kofia, ule unaochipua ardhini baada ya mvua na ambao kina mama huuza barabarani kwa mafungu. Nazungumzia ule unaoota ubavuni mwa mti, hauna mguu, umetokeza nje kama rafu ya vitabu. Chini yake, badala ya mikunjo, una vitundu vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano. Aina zake nyingi ni ngumu kama ubao na hakuna jino litakaloziweza. Chache huliwa. Nilipokuwa masomoni Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nilijifunza kuzitambua mbili, na kwa kuwa sikuwa na mashine nyingine ya kujiburudisha ila kamera ya mitumba, nilizipiga picha kwa misimu mitatu.

Wa kwanza Wajerumani huuita Schwefelporling, jina lenye kiberiti ndani yake, na kweli rangi yake ni ya moto na kiberiti: njano kali ukingoni, rangi ya chungwa juu. Wanaosema Kiingereza huuita kuku wa msituni. Huota kwenye mialoni, miti ya cheri, mierebi na mingineyo, kuanzia mwezi wa Mei na kuendelea majira ya joto, rafu juu ya rafu, na mzigo mmoja unaweza kuwa na kilo kadhaa. Ukiwa mchanga ni laini, una maji, na ukipikwa nyama yake huchanika nyuzinyuzi kama ya kuku. Ukizeeka hupauka na kuvunjikavunjika kama chaki. Ni lazima upikwe ukaiva kabisa, na hata hivyo wapo watu ambao matumbo yao huukataa. Ndiyo maana anayeula kwa mara ya kwanza hushauriwa ale kidogo.

Wa pili huota hasa kwenye mialoni na michestnati, mwishoni mwa majira ya joto. Mmoja wa majina yake maana yake ni ulimi wa ng'ombe, na hakuna jina lililostahili zaidi. Juu ni mwekundu na mkwaruzo kama ulimi. Ukiukata, ndani una mistari kama nyama mbichi na hutoa maji mekundu. Mara ya kwanza nilipoona kisu kikitoka ndani yake nilimtazama mwenzangu kama aliyechinja.

Sasa, kuupiga picha. Msitu wa mialoni wakati wa majani una giza kuliko mtu anavyofikiri, na mwanga unaopenya umekwisha kupakwa kijani. Kamera hukisia rangi. Njano ya uyoga huu huishinda: simu nyingi huifanya iwake kuliko ilivyo, na vile vijistari na mabaka ambayo yangekuambia umri wake hupotea ndani ya mwako huo. Halafu kuna suala la upande. Uyoga wa mtini hutambuliwa zaidi kwa chini yake kuliko kwa juu yake, nawe unapita njiani unaona juu. Mwenye bidii hupiga magoti, hulala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa, au huingiza kioo kidogo chini ya rafu na kupiga picha ya kile kioo. Huweka sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Hupiga gome la mti, jani lake na mti mzima. Hukata kipande kimoja apige ndani. Mwishowe ana picha saba au nane, na nyingi ni mbaya kwa macho. Ile moja nzuri, ambayo jua la jioni limepiga rafu za dhahabu juu ya gome jeusi, ndiyo anayoituma kwa watu, nayo ndiyo inayoeleza machache kuliko zote.

Hata zile nane zina mpaka. Hazina harufu. Hazina uzito, wala hazionyeshi jinsi nyama inavyokatika mkononi. Na kuna jambo zito kuliko hilo. Katika misitu hiyo hiyo huota uyoga mwingine wa mtini, mdogo kiasi, rangi ya mdalasini, ambao wanasayansi huuita Hapalopilus rutilans. Una sumu. Hudhuru figo na mfumo wa fahamu, na wapo watu waliougua kwa kuudhania kuwa mmoja wa aina zinazoliwa. Kwa jicho ni kitu cha kahawia tu kwenye tawi lililokufa. Lakini ukiudondoshea tone la kemikali ya jamii ya magadi, kama amonia, papo hapo hugeuka zambarau. Hakuna picha inayoweza kulibeba tone hilo. Picha hupokea mwanga uliogonga ngozi ya kitu ukarudi, basi. Yaliyomo ndani hujitokeza pale tu mtu anapokigusa na kukijaribu.

Wajerumani wana chama cha wataalamu wa uyoga kilichoanzishwa mwaka 1921, kinachowapa vyeti washauri ambao mtu anaweza kuwapelekea kikapu chake. Kanuni yao ni rahisi: kwa picha watakusaidia kupata jina la kukisia, lakini hawatakuambia kula. Leta uyoga wenyewe. Kwanza niliona ni ukali wa kiofisi. Kadiri nilivyokaa nao nikaona kwamba watu hawa, ambao baadhi yao hawajaingia kanisani tangu kipaimara, wanaitunza amri ya nane na ya tano kwa pamoja, kwa kuwa wamekataa kushuhudia zaidi ya walichokiona, na wamekataa kwa ajili ya uhai wa mtu.

Hapo ndipo jibu la lile swali la darasani lilipo. Picha ya uyoga ni ya kweli. Haikuchezewa. Chini yake mtu ameandika neno moja tu, "unaliwa", na neno hilo nalo ni kweli kuhusu ule uyoga uliokuwa mbele yake. Lakini ushahidi umesafiri. Umefika kwa mtu mwingine, kwenye mti mwingine, pengine nchi nyingine, naye atautumia kuhukumu kitu ambacho shahidi hakukiona kamwe. Mwaka 2015, wakimbizi wengi walipokuwa wakiingia Ujerumani, hospitali zilipokea baadhi yao wakiwa mahututi baada ya kula uyoga aina ya Amanita phalloides, uyoga wa ardhini unaoua ini. Haukuwa ujinga. Walitoka kwenye nchi ambako kuna uyoga unaofanana nao, nao huliwa. Macho yao yalisema kweli ya kwao, katika msitu usio wa kwao.

Katika Biblia kuna mtu wa namna hiyo, naye simsikii akihubiriwa mara nyingi. Yumo katika 2 Wafalme 4:38-41. Elisha amerudi Gilgali, nchi ina njaa, wana wa manabii wameketi mbele yake (leo tungesema wanachuo, na hali ya jiko la chuo wakati wa ukame naifahamu). Nabii anaagiza sufuria kubwa itelekwe. Mmoja anatoka kwenda shambani kutafuta mboga, anakuta mtambaazi wa mwitu, anajaza nguo yake matango yake, anarudi na kuyakatakata ndani ya chakula. Hawakuyajua, Maandiko yanasema. Wakala, wakapiga kelele kwamba sufuriani mna mauti.

Nataka tukae kidogo na mtu huyu. Hakuwa mwovu. Alitoka kwa ajili ya wenzake, wakati wengine wameketi. Mtambaazi ule bila shaka ulifanana na mwingine alioujua. Kosa, kama tuliite hivyo, limelala kwenye ule mwendo mfupi kati ya shamba na sufuria, ambapo hakuna aliyeuliza swali. Yeye hakuuliza, na waliompokea, kwa kuiona nguo imejaa, hawakuuliza. Nguo iliyojaa ina nguvu ya kunyamazisha, kama picha nzuri. Na tazama waliookoa watu: ni wale walioonja wakapiga kelele. Walikuwa wanafunzi, mbele ya mwalimu wao, kuhusu sufuria ambayo mwalimu mwenyewe ndiye aliyeiagiza. Elisha hakuwakemea, wala hakumtafuta aliyeleta matango amtoe mbele ya kundi. Aliomba unga. Nimewaona wakuu wa kanisa na wa familia ambao sauti ya namna ile ingewaudhi kwanza, na sufuria wangeiangalia baadaye.

Nilipokuwa bado Ujerumani nilizoea kutuma picha zangu kwenye kundi la simu la usharika niliokuwa nikiutumikia kabla ya masomo, katika Nyanda za Juu Kusini. Watu walizifurahia, na niliandika wazi kila mara kwamba ni miti ya huku. Baada ya kurudi, mama mmoja wa Umoja wa Wanawake, mtu mzima anayenizidi kwa miaka mingi, alinitumia picha. Gogo la mparachichi nyuma ya nyumba yake lilikuwa limetoa rafu tatu za rangi ya chungwa. Picha ilikuwa nzuri, pengine kuliko zangu. "Bwana Yesu asifiwe Mchungaji. Si ndiyo hii ya kwenu kule? Watoto wa marehemu dada yangu wako hapa, mboga imeisha, nikasema nikuulize kwanza."

Nilimwandikia: Shikamoo mama, ahsante kwa kuuliza, tafadhali msiule. Nikaeleza kwamba uyoga wa Ulaya na wa kwetu unaweza kufanana sura bila kuwa ndugu, na kwamba kwa picha siwezi kumwambia mtu ale. Kimya kidogo. Kisha akaandika: "Haya Mchungaji. Sasa zile picha zako zilikuwa za nini?"

Sikulichukulia kama kejeli. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa kwenye mitihani ya mdomo, na linastahili kujibiwa kwa uzito.

Jibu la kwanza linalokuja ni la sifa: nilipiga picha ili kumtukuza Muumba. Nalo lina mizizi. Katika Mwanzo 2:9 Mungu anaotesha miti ambayo kwanza inapendeza macho, kisha inafaa kwa chakula. Macho yanatajwa kabla ya tumbo. Kutazama tu, pasipo kuchukua, ni sehemu ya yale tuliyopewa bustanini. Katiba ya Bavaria ya mwaka 1946, katika ibara ya 141, inampa kila mtu haki ya kufurahia uzuri wa maumbile, na papo hapo, katika maelezo yale yale, haki ya kujichumia matunda ya mwituni kwa kiasi cha desturi ya mahali. Niliposomewa jambo hilo na mwenyeji wangu nililishangaa. Wanasheria, mwaka mmoja baada ya vita, katika nchi yenye njaa na magofu, waliweka uzuri na chakula mahali pamoja.

Lakini yule mama alikuwa upande wa chakula, nami nilimjibu kutoka upande wa uzuri. Hapo ni lazima tujihadhari. Wapo wapenzi wa picha wanaosema kwa fahari kwamba wao hawachukui chochote msituni ila picha, kana kwamba kamera ni takatifu kuliko kisu. Siwaungi mkono. Rafu ya uyoga ni tunda. Kiumbe chenyewe ni nyuzi zilizomo ndani ya mti, na ukikata rafu bila kujeruhi mti, nyuzi hubaki na mwaka mwingine zinaweza kuzaa tena. Torati iliyajua mambo haya ya kiasi. Walawi 19 inamwamuru mwenye shamba asivune hadi pembeni, amwachie maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 23:24 inamruhusu mpita njia ale zabibu za jirani hadi ashibe, ila asitie chomboni. Mwenye njaa anayekata rafu tatu hajamkosea Mungu wala mti. Kutochukua ni adili jepesi kwa mtu ambaye chakula chake cha jioni kinamngoja mezani, na mimi kule Bavaria kilikuwa kikiningoja kila siku saa kumi na mbili.

Kwa hiyo picha zilikuwa za nini? Nilimwambia hivi, kwa simu, si kwa maandishi: zilikuwa ushahidi wa nilichokiona mahali nilipokuwa, nami nilitaka mfurahi pamoja nami. Hapo ndipo zinapokoma. Akasema ameelewa, ila ushahidi wa namna hiyo haujazi sufuria. Nikakubali.

Maneno yake yalinifanya niyatazame upya mambo mawili. La kwanza ni la mialoni yenyewe. Rafu ya dhahabu kwenye mwaloni humfanya mtazamaji adhani mti unachanua. Ukweli ni kwamba zile nyuzi zinakula moyo wa mti, nao moyo huo hugeuka kahawia na kukatikakatika vipande kama matofali madogo. Basi picha ya uzuri ni picha ya ugonjwa. Lakini ngoja: mwaloni ulio wazi ndani, mradi ganda lake la nje liko hai, huweza kusimama miaka mingi sana, na ndani yake hukaa popo, bundi na mende wasiopata makao kwingine. Basi picha ya ugonjwa ni picha ya nyumba. Ipi kati ya hizo ningeandika chini ya picha yangu? Kila moja ni kweli, na kila moja ikiachwa peke yake itampeleka mtu pabaya. Mmoja atausifu mti, mwingine atauleta msumeno.

La pili liko karibu na madhabahu zetu. Tunapiga picha watu. Mjane anapokea debe la mahindi, yatima wamepangwa mstari na sare mpya, mgonjwa amelazwa tukiwa tumemzunguka na majoho yetu. Picha zinapanda kwenye taarifa, zinakwenda kwa wafadhili, zinabandikwa ukutani. Hakuna uongo ndani yake: debe lilitolewa kweli. Lakini tumepiga juu ya rafu. Hatukuinama kuona chini, ambako pengine mjane huyo ndiye anayelipa ada ya wajukuu wanne kwa kusuka mikeka, na angependa ajulikane kwa mikeka yake kuliko kwa debe letu. Amri ya nane inanidai nimseme jirani vema. Sioni jinsi ninavyoweza kumsema vema kwa picha ambayo nisingekubali nipigwe mimi. Uyoga haujali unavyopigwa. Yeye anajali, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Yule mama hakuishia kwangu. Siku iliyofuata alikata kipande cha rafu pamoja na gome lake, akakitia kwenye ungo, akampelekea bibi mmoja wa mtaa wa pili ambaye ameokota uyoga tangu utoto. Bibi hakutaka kuiona picha. Alisema macho yake hayasomi simu. Aligeuza kile kipande chini juu, akakinusa, akakivunja, akauliza umeota kwenye mti gani na gogo limekatwa lini. Kisha akasema wa kwao ulikuwa ukiota kwenye mti mwingine wa porini, na ndani haukuwa hivi. Huu hajawahi kumwona mtu akiula. Akamfungia yule mama majani ya maboga kwenye kanga, akamwambia apikie watoto.

Alinieleza yote hayo Jumapili, nje ya kanisa, huku akicheka. Picha yake bado iko kwenye simu yangu. Chini yake nimeandika tarehe, jina la kijiji, na "gogo la mparachichi".